Upenu Uliozibwa

Bwejuu,
12 Januari 2024

Mpendwa Mjomba Abdulhakim,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nnataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Bi Tahiya, na kwamba goti lake limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Bibi hajambo, hamdu lillahi. Skuli zimefunguliwa na darasa langu limejaa hadi watoto wanakaa chini. Mwani wa majirani umeharibika karibu wote kwa joto la maji, na kaskazi ndiyo kwanza imekolea.

Nnakuandikia kwa sababu wiki iliyopita ulinikatia simu. Ulisema mtoto wa kike aliyelelewa hamfokei mjomba wake, na akiwa na neno aliandike ili apate kulifikiri kwanza. Nimelifikiri, Mjomba. Bado ni lile lile. Barua nampa Mwalimu Simai, ninayesomesha naye, ambaye kila mwisho wa wiki huenda kwao mjini. Atakuletea mkononi hapo Malindi, na jawabu umpe yeye.

Neno lenyewe ni chumba cha Bibi. Sisi sote tulifurahi ulipokijenga. Hakuna mwanamme wa rika lako hapa aliyemwongezea mama yake chumba cha matofali nyuma ya nyumba, chenye choo ndani na marumaru chini. Lakini chumba hakipumui. Bati linapigwa na jua kutwa, joto linashuka kwenye dari, na halina pa kutokea. Usiku bati linapoa, linatoa jasho, jasho linadondokea dari. Pembe mbili za dari zimeshaota ukungu mweusi. Ukiingia alasiri unahisi kama umefunikwa blanketi bichi usoni.

Fundi Usi aliacha nafasi chini ya upenu, pale paa linapotoka nje ya ukuta, pande zote mbili, hewa iingie huku itokee kule. Mimi nilikuwapo. Nilikuwapo pia siku uliyokuja ukamwamrisha azibe zote kwa mbao, na juu ya mbao saruji. Usi alikuuliza kwa nini, ukamwambia afanye kazi yake.

Bibi hataki kukuvunja moyo. Kila usiku anaingia chumbani kwake na kufunga mlango, anangoja tulale, kisha anatoka na mkeka wake kwenda kulala barazani. Chumba chake cha zamani ulikibomoa ukuta ili tupate njia ya kupita kwenda hicho kipya, kwa hivyo hana pa kurudi.

Nnaomba ruhusa yako nimwite Usi afungue upenu. Ni kazi ndogo, na dari wala bati havitaguswa. Nnaomba tu ruhusa.

Nisalimie mkaza mjomba.

Mwanao,
Ummy


Malindi, Unguja Mjini,
9 Februari 2024

Ummy,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Barua yako nimeipata tangu mwezi uliopita. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nikimpeleka mkaza mjomba wako kufanyishwa mazoezi ya goti, na kwa sababu kila nikiisoma ilinipandisha hasira. Bi Tahiya anakusalimu. Anatembea na gongo ndani, lakini ngazi za nyumba hii bado zinamshinda. Mimi sijambo. Nimshukuru Mungu, mwaka wa tatu huu tangu kustaafu na bado watu wanakuja kuniuliza habari za ramani zao.

Sasa hilo neno lako. Mimi nimefanya kazi ya ujenzi maisha yangu yote, na huhitaji kunifundisha paa ni kitu gani. Upenu umezibwa kwa sababu nimetaka uzibwe. Mvua ya huko inapiga kwa ubavu, utaiingiza ndani ya dari. Utaingiza popo, utaingiza panya, utaingiza nge na kila kitambaacho. Mama yangu amelala chini ya makuti umri wake wote akiangukiwa na takataka usoni. Nilijiapia atamaliza siku zake chini ya paa lisilo na tundu, na hilo nimelitimiza.

Kama anaona joto, joto lina dawa yake. Nimempa Simai feni jipya la kusimama, lina spidi tatu. Liwekwe karibu na kitanda. Madirisha yapo mawili, yafunguliwe mchana. Na ukungu ufutwe kwa kitambaa na dawa ya kufulia nguo, hauhitaji barua.

Mengine ni haya ya kusema mama yangu analala barazani. Hilo likinifikia kwa mdomo wa watu itakuwa aibu yako wewe uliyekaa naye. Hakikisha analala chumbani kwake.

Paa langu lisiguswe. Usiniulize tena.

Mjomba wako,
Abdulhakim


Bwejuu,
23 Februari 2024

Mjomba,

Assalaam alaykum na shikamoo. Mungu amzidishie nafuu mkaza mjomba. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu na anakuombea dua. Juzi alichoma vitumbua, akasema angekuwa na mtu wa kukuletea vikiwa vya moto angekuletea.

Feni nnalirudisha kwa Simai. Usiseme nimekudharau, sababu nakueleza. Feni linazungusha hewa iliyomo, na iliyomo chumbani mle ni moto. Tulilijaribu siku nne, Bibi akaamka kila siku koo limemkauka na kichwa kinamgonga. Umeme nao ukikatika, kama unavyokatika, anabaki na moto bila ya hata huo upepo. Mbu wa huku hawakuachi ufungue dirisha magharibi, na bahari inaleta mchanga. Hayo unayajua, ulizaliwa hapa.

Umesema mvua. Tundu liko chini ya upenu, linaangalia ardhi, na mvua haipigi kutoka chini kwenda juu. Umesema popo na panya. Wavu wa chuma unauzwa Darajani hatua chache kutoka mlangoni kwako. Mimi ni mwalimu wa watoto wa darasa la tatu, sijui ujenzi, lakini wewe unaujua, na ndiyo maana nnakasirika. Umekagua nyumba za watu miaka thelathini. Angekuja mtu akakuletea ramani ya chumba kilichozibwa juu kama hiki ungemrudisha akaichore upya. Sababu ulizonipa si sababu za mtu wa kazi yako. Ama kuna nyingine hunambii, ama unaona kukubali neno la mtoto wa dada yako ni kushindwa.

Wewe unalala nyumba ya mawe, dari iko juu hata kwa mti wa kuangulia nazi huifiki, dirisha moja linavuta upepo wa pwani na jingine linautoa. Mama yako umemtia kwenye sanduku. Watu hapa wameanza kusema. Wanasema Abdulhakim amemjengea mama yake kaburi la saruji, akaliwekea na marumaru.

Sikutaka kuliandika hilo. Limeandikika, na karatasi siichani.

Ummy


Malindi,
8 Machi 2024

Ummy,

Alaykum salaam.

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Ningekuwa karibu ningekuja hapo usiku uleule, na ni heri sikuwa karibu.

Watu waseme watakalo. Lakini wewe umelichukua neno lao ukaliandika kwa mkono wako ukaniletea. Kaburi ni neno usilolijua. Hujapata kulichungulia likichimbwa la mtu mdogo. Usilitie tena kinywani mwako kwa kucheza.

Nimempigia simu Usi. Nimemwambia akiweka ngazi kwenye nyumba ile bila ya ruhusa yangu nitamfikisha kwa sheha. Nawe nakwambia, ukifungua hata tundu la kupita kidole, mimi si mjomba wako tena, na Idi hii msiningojee.

Ramadhani njema.

Abdulhakim


Bwejuu,
26 Aprili 2024

Mjomba Abdulhakim,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Taqabbala Allahu.

Idi imepita na hukuja kweli. Bibi alikaa na kanzu yake mpya mpaka baada ya laasiri, kila gari ikipita barabarani anainua kichwa. Magharibi alivua, akaikunja, akasema labda goti la mkeo limemzidi. Habari nyengine za nyumbani sina, au ninazo moja tu, na nilikatazwa kukupa. Leo nakupa.

Bibi hakuwa mzima mwezi wa kwanza nilipokuandikia kuwa hajambo. Siku mbili kabla ya simu ile niliyokupigia, alipokuwa bado analala chumbani mle, alianguka alfajiri akitaka kwenda kutia udhu. Nilimkuta amekaa kwenye marumaru ameegemea kitanda, hajui ni saa ngapi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema Abdulhakim amejenga chumba hiki kwa mapenzi, akisikia kimemwangusha mama yake hatajisamehe. Ndiyo maana nilikupigia simu nikafoka, na ndiyo maana hukunielewa.

Halafu Ramadhani. Alikataa kuacha kufunga. Siku moja niliporudi skuli nilimwita kutoka ukumbini. Unajua yeye ukimwita hata yuko kwenye usingizi husema naam. Hakusema kitu. Nikasukuma mlango, haukufunguka wote kwa sababu yeye alikuwa nyuma yake, chini. Nguo zake zimerowa, midomo imepasuka, mwili unawaka. Usi ndiye aliyekuwa akipita, akanisaidia kumbeba. Hospitali walimtundikia chupa mbili za maji usiku ule, na daktari akaniuliza huyu mama mzee alikuwa akifanya kazi gani juani. Nikamwambia alikuwa amelala chumbani kwake. Aliniangalia kama muongo.

Tangu siku hiyo analala nami kitandani mwangu, nyumba ya mbele, chini ya makuti. Safari hii hakuniapisha, ila alisema tu nisikutie wasiwasi kwenye mwezi mtukufu. Nimengoja mwezi umekwisha.

Kuna jengine. Alipopata nguvu aliniuliza kwa nini hukuja, nikaona sina budi, nikamsomea barua yako ya mwezi wa tatu. Nilipofika pale uliposema kaburi la mtu mdogo alinambia nirudie. Nikarudia. Alichezea ncha ya mtandio wake, kisha akanisimulia habari za Shaame.

Mjomba, mimi nna miaka thelathini na tano na nimeishi nyumba hii zaidi ya nusu ya umri wangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikufa bila ya kunitajia kuwa mlikuwa na ndugu mwengine. Labda naye hakuambiwa, maana alizaliwa baadaye. Leo nimejua kuwa Shaame alikuwa na miaka mitano na wewe tisa, kwamba mlikuwa mkilala kitanda kimoja chumba kilekile ulichokibomoa ukuta, na kwamba nyoka alipita pale makuti yanapokutana na ukuta akaanguka baina yenu. Bibi alisema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za jirani. Alisema ulipofungua macho mwenzako alikuwa hawezi tena kukujibu.

Kwa hivyo sasa najua popo na mvua vilikuwa nini.

Nimelia, usidhani sikulia. Nnamhurumia mtoto yule wa miaka tisa. Lakini simhurumii mtu mzima aliyeichukua khofu ya mtoto yule akamfungia nayo mama yake ndani. Hasira zangu hazikupungua, Mjomba. Zimezidi. Ungenambia sentensi moja mwezi wa pili, ningekwenda Darajani kwa miguu kukutafutia wavu mdogo kuliko wote, na Bibi asingelala sakafuni nyuma ya mlango.

Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Haya ndiyo maneno yake, nimeyaandika akiwa mbele yangu:

“Mwambie Abdulhakim, Shaame nilimzaa mimi. Kama ni kuogopa, wa kuogopa ni mimi. Nataka hewa.”

Usi atafungua upenu Jumamosi ya kwanza ya Juni, mvua za masika zikishapungua. Atakata mbao pande zote mbili na kupigilia wavu wa chuma wenye macho madogo ambayo hata kalamu haipiti. Ametumwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni Bibi. Ukitaka kumpeleka kwa sheha, mpeleke mama yako kwanza.

Ummy


Malindi,
17 Mei 2024

Ummy,

Wa alaykum salaam. Marahaba.

Mmenificha. Mama yangu ameanguka mara mbili, amelazwa hospitali, na mimi nipo mwendo wa saa moja na nusu nakula futari yangu nikidhani amelala kwenye chumba nilichomjengea. Wewe unanilaumu kwa sentensi moja ambayo sikuisema, na yako iko wapi? Ungeandika tarehe kumi na mbili Januari kwamba ameanguka, ningekuja siku ileile na nyundo mkononi. Ulinyamaza, kisha ukashangaa kwa nini nasema habari za mvua. Kiapo cha mtu aliyetoka kuanguka si kiapo. Hilo nalo usiniulize kama nimelisamehe, sijalisamehe.

Bi Tahiya ameisoma barua yako kabla yangu. Hajazungumza nami siku mbili. Yeye pia hakuwa akijua. Tumekaa pamoja miaka arubaini.

Unasema ningekwambia. Wewe unadhani ni neno mtu analiweka tu mfukoni, akihitajiwa alitoe. Nilikuwa nimelala ubavuni pake. Zaidi ya hapo sina, na usimuulize tena mama.

Nyumba yote ya mbele nilitaka kuivua makuti tangu nilipopata kazi. Baba alikataa, kisha mama akakataa. Ndipo nikajenga nyuma. Na sasa unanambia umemrudisha chini ya makuti yaleyale, unaandika hivyohivyo, kama unanambia umemhamishia kivulini. Sijalala vizuri tangu niliposoma.

Jumamosi hiyo nitakuja. Wavu nitaununua mimi, asiununue Usi, yeye atanunua wa kufugia kuku. Asikate ubao hata mmoja kabla sijafika. Na kazi ikimalizika, mtu asilale mle ndani kabla yangu. Hili si ombi.

Abdulhakim


Bwejuu,
7 Juni 2024

Mjomba,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mpe mkaza mjomba salamu zangu na umwambie ndizi alizompa Simai zimefika nzima. Sisi hatujambo, na safari hii ukisoma hatujambo uamini.

Uliondoka Jumapili bila ya kuaga. Nilikuwa jikoni nakupikia chapati, nikasikia gari. Kwa hivyo naandika, maana yapo niliyotaka kukwambia na yapo yaliyotokea ulipokwisha kwenda.

Kwanza, Usi amenuna. Amejenga nyumba nusu ya kijiji hiki na hakuna aliyewahi kupanda ngazi nyuma yake kuvuta kila wavu kwa vidole. Nyavu mbili ulizomng'olesha akazipigilia upya anasema hazikuwa na kasoro. Mlivyogombana pale juu watu walisimama njiani kutazama, na mimi moyo ulikuwa mkononi kwa umri wako na ile ngazi. Siku ile nilitaka kukwambia ushuke, nikaona uso wako, nikaishika ngazi tu. Ulikuwa ukichungulia kila upenyo kama mtu aliyepoteza kitu humo. Nilikuwa bado nna hasira nawe, na mpaka sasa ninazo, lakini nnataka ujue kwamba nilikuona.

Nilikuona pia kutoka jikoni asubuhi ile, ulipotoka chumbani ulimolala, macho mekundu, ukamwambia Bibi neno moja, “Lala,” ukashika njia.

Bibi alilala humo usiku wa Jumapili. Asubuhi jua lilipanda, watoto wa jirani wameshakwenda skuli, mimi nimechelewa, yeye hajatoka. Hajawahi. Niliuendea mlango. Niliita, akasema naam. Nilimkuta amelala chali macho wazi, ameshasali na kurudi kitandani, shuka limefunika mpaka kifuani. Chumba kilikuwa baridi, Mjomba. Upepo wa kusi unaingia upande wa bahari na unausikia ukipita juu ya dari kwenda kutokea upande wa pili. Harufu ya ukungu imekwisha.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, alikuwa akifikiri tu. Nikakaa kitandani, na akanieleza jambo ambalo amesema nikuandikie wewe kama lilivyo, nisilipambe.

Amesema waliporudi kumzika Shaame, nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na wewe ulikuja na wanaume kutoka makaburini ukaingia uani ukawa unalia kwa sauti, huwezi kujizuia. Yeye alikuwa hana nguvu za kukusikia. Alikushika bega akakwambia, “Nyamaza, Abdulhakim. Nyamaza, watu wanasikia.” Ukanyamaza palepale. Baba yako akakusifu mbele ya watu kuwa ni mwanamme.

“Nilidhani atalia siku nyengine,” Bibi alinambia. “Nikangoja. Akawa mkubwa, akaenda mjini, akaoa. Hakulia tena, na mimi sikumfungulia.”

Kisha akakasirika. Sijapata kumuona amekasirika hivyo. Alisema mimi na wewe tumegombana miezi mitano juu ya kichwa chake kama maiti anayengojewa kuoshwa, mmoja anaziba, mmoja anafungua, na hakuna aliyekaa kitako akamsemeza. Alisema wewe umepanda juu ya paa lake na kulala kitandani kwake, ukaweza kusema na Usi, na bati, na wavu, ukashindwa kusema na yeye. Amesema barua ya kuandikiwa mjukuu hataki kusomewa tena. Ukiwa na neno la Shaame, andika kwake.

Mimi nimemaliza. Sikuombi radhi kwa neno lile la kaburi kwa sababu bila ya neno lile tusingefika hapa, lakini nikipata watoto sitowaambia kuwa niliwahi kumwandikia mtu vile.

Ummy


Malindi,
14 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Ummy akusomee, na asiruke neno.

Tahiya anakusalimu. Leo ameshuka ngazi peke yake. Idi ya kuchinja tutakuja sote wawili siku ya pili yake, In shaa Allah, na sitoondoka mpaka unambie niondoke. Tundu la mwisho upande wa jikoni nimeliona halikukaa sawa, sitomwambia Usi, nitalifanya mwenyewe.

Umetaka nikuandikie neno la Shaame. Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Nimejaribu kuanza na siku ile na kila nikianza siwezi, na sitaki kukuandikia hiyo, hiyo unayo. Nataka kukwambia jambo ambalo nadhani hulijui, kwa sababu taa ilikuwa imezimwa na wewe ulikuwa umeshakwenda kulala.

Shaame alikuwa halali mpaka anishike sikio. Hili la kulia. Alikuwa akilishika kwa vidole viwili, pale chini penye nyama, na nikimtoa mkono alikuwa akiurudisha akiwa kwenye usingizi. Mimi nilikuwa nikikasirika, Mama, namwambia atanikata sikio. Alikuwa akicheka. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Mpaka leo siwezi kulala kwa ubavu wa kulia. Tahiya ananiuliza kwa nini, na mimi humwambia ni mazoea.

Mwanao,
Abdulhakim